Mwani Una Majina Mengi: Nilivyojifunza Kutafuta Makala Katika Hifadhidata za Maktaba

Mara ya kwanza nilipoketi mbele ya kompyuta ya maktaba kutafuta makala za utafiti wangu wa shahada ya uzamili, niliandika katika kisanduku cha kutafutia sentensi nzima ya Kiingereza, vilevile ilivyokuwa katika pendekezo langu la utafiti, kuhusu athari za mabadiliko ya tabianchi kwa wanawake wanaolima mwani Zanzibar: "What are the effects of climate change on women seaweed farmers in Zanzibar?" Nikabonyeza, nikasubiri, nikaletewa sifuri. Niliondoa alama ya kuuliza nikidhani ndiyo iliyoleta nuksi, nikaletewa sifuri nyingine. Kwa muda wa kama saa moja nilifurahi mno, kwa sababu msimamizi wangu alikuwa akisisitiza kila tulipokutana kwamba utafiti lazima uzibe pengo la maarifa, na mimi nilijiona nimegundua pengo pana kuliko mkondo wa bahari kati ya Unguja na bara.

Kilichonizindua ni kumkumbuka shangazi yangu. Yeye analima mwani kijijini Paje, Unguja, tangu kilimo hicho kilipoanza kibiashara huko na Jambiani mwaka 1989, na miaka yote hiyo wageni wenye madaftari na vinasa sauti hawajaacha kumfuata ufukweni maji yanapokupwa, wakimuuliza maswali huku yeye ameinama anafunga mbegu kwenye kamba. Watu wote wale walikwenda wapi na majibu yake? Haiwezekani kwamba hawakuandika. Ikiwa waliandika na mimi siwaoni, basi kasoro ilikuwa katika namna nilivyowaita.

Kesho yake nilimwendea mkutubi wa dawati la marejeleo, mama mtu mzima ambaye wanafunzi wengi tulimwogopa kwa ukimya wake. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, nikamwonesha sentensi. Hakugusa kompyuta. Alichukua kalamu, akaanza kukata neno mojamoja: "what", "are", "the", "of", "on", "in". Alipofika kwenye "effects" alisita kidogo, kisha akalikata pia. Nilimwuliza kwa nini, maana kwangu mimi hilo ndilo lilikuwa kiini cha utafiti. Akanijibu, "Mwanangu, aliyeandika makala hakukusubiri wewe umchagulie neno. Mmoja kaandika 'impact', mwingine 'consequences', mwingine hakuandika lolote kati ya hayo, kasema tu kwamba mwani umekufa. Ukimlazimisha awe na neno hilo, unamfungia mlango." Katika sentensi yangu yalibaki mambo manne tu: wanawake wakulima, mwani, Zanzibar, na mabadiliko ya tabianchi. Aliyaandika juu ya karatasi kwa mstari mmoja, akachora safu nne zikishuka chini yake, akanipa karatasi na kusema, "Sasa kajaze majina yao mengine."

Kazi hiyo ya kujaza majina ilinichukua wiki mbili, na leo naamini kwamba hizo ndizo zilikuwa wiki zenye faida kubwa zaidi katika masomo yangu yote, ingawa wakati ule nilinung'unika. Nilidhani najua mwani. Nimekua nauona umeanikwa kwenye majamvi na juu ya makuti. Lakini hifadhidata haijui anachokijua mtafutaji. Inalinganisha herufi na herufi tu, na ukiipa jina lako wewe, itakupa wale waliotumia jina hilo pekee.

Nichukue safu moja tu, ile ya mwani wenyewe. Wanasayansi wa jamii huandika "seaweed", na baadhi yao hutenganisha na kuandika "sea weed", jambo ambalo kwa mashine ni maneno mawili mengine kabisa. Wanabiolojia hupenda "macroalgae". Wanaoshughulika na ufugaji wa viumbe wa baharini kwa ujumla husema "mariculture" au "aquaculture", na kilimo cha mwani wanakiweka ndani yake bila kukitaja kwenye kichwa cha makala. Katika takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa nilikuta "aquatic plants". Wanakemia hawana habari na mkulima wala kamba yake. Wao huandika "carrageenan", ile dutu inayotolewa kwenye mwani mwekundu na kutiwa katika vyakula na dawa za meno. Profesa Keto Mshigeni, aliyekuwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye aliandika juu ya mwani wetu tangu miaka ya 1970, kabla ya mashamba ya Paje kuwapo, katika maandishi yake mara nyingi utakuta "Eucheuma". Nilikuwa nimepita miezi kadhaa bila kumwona, na sababu ni hiyo tu.

Hilo la jina la kisayansi nalo lina kisa chake. Aina mbili zinazolimwa Zanzibar wanunuzi huziita "spinosum" na "cottonii", na shangazi yangu huyatamka majina hayo kila siku kama anavyotamka muhogo na ndizi, bila kujali kwamba ni mabaki ya majina ya kitaalamu yaliyokwisha kubadilishwa. Ile ya kwanza, iliyokuwa ikiandikwa Eucheuma spinosum, sasa ni Eucheuma denticulatum. Ile ya pili, ambayo ilipita kwa jina la Eucheuma cottonii, mtaalamu Maxwell Doty wa Hawaii aliielezea kwa jina la Eucheuma alvarezii mwaka 1985, kisha mwaka 1988 akaihamishia katika jenasi mpya, ikawa Kappaphycus alvarezii. Maana yake kwa mtafutaji ni kwamba mmea uleule mmoja, kwenye kamba ileile, unasomeka kwa jina moja katika makala za mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kwa jina lingine katika makala za miaka ya 1990, na katikati kuna miaka ambayo waandishi walitumia yote mawili. Anayetafuta Kappaphycus peke yake hukata historia kwa panga. Tangu hapo, kabla sijatafuta kiumbe chochote, huangalia kwanza kama kiliwahi kuitwa vingine.

Baada ya safu kujaa, mama mkutubi alinifundisha namna ya kuziunganisha. Kanuni yake ilikuwa fupi: kushuka chini ni OR, kwenda pembeni ni AND. Visawe vya safu moja vinaunganishwa kwa OR, na safu kwa safu zinaunganishwa kwa AND. Mantiki hii hupewa jina la George Boole, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19, lakini kwa msemaji wa Kiswahili ina mtego ambao sijaona vitabu vikiutaja. Sisi tukienda sokoni tukasema "nipe nyanya na vitunguu", kikapu huongezeka uzito. Tukisema "nipe nyanya au vitunguu", tunarudi na kitu kimoja. Kwa hiyo mwanzoni nilipotaka makala nyingi niliweka AND kila mahali, nikashangaa matokeo yakipungua kila nilipoongeza neno. Katika hifadhidata, "na" ni sharti: makala isiyo na maneno yote haiingii. "Au" ndiyo inayofungua mlango, kwa sababu yeyote mwenye neno lolote kati ya yaliyotajwa anaruhusiwa. Wenzangu watatu niliowasaidia baadaye walikosea palepale nilipokosea mimi.

Mabano nayo yaliniadhibu. Niliandika seaweed OR Eucheuma AND Zanzibar, nikiwa na hakika kwamba ninatafuta mambo ya Zanzibar, nikaletewa maelfu ya makala kuhusu mwani wa Japani, Norwe na Chile. Hifadhidata ile hutanguliza AND, hivyo ilikuwa imenielewa kwamba nataka makala yoyote ya dunia yenye "seaweed", na pamoja nayo zile zenye Eucheuma na Zanzibar kwa pamoja. PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, kwa upande wake husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Badala ya kukariri tabia ya kila moja, niliamua kwamba kila safu ya visawe iingie ndani ya mabano yake, (seaweed OR Eucheuma) AND Zanzibar, na ubishi ukaishia hapo.

Safu ya mahali niliidharau, kwa kuwa nilidhani Zanzibar ni Zanzibar. Kumbe wapo walioandika "Unguja" tu, wapo walioandika "Tanzania" bila kutaja kisiwa, wapo waliotaja kijiji, na wapo waliojumuisha ukanda mzima wa pwani kwa "Western Indian Ocean". Niliyaongeza yote, pamoja na Pemba, na Pemba ndiyo iliyonichekesha.

Jioni hiyo nilikuwa nimeamua kutafuta kwa Kiswahili. Nilifikiri kwamba mtu akiwahoji wakulima kwa Kiswahili, lazima neno lao litakuwa limeingia mahali fulani katika makala, hata kama makala yenyewe ni ya Kiingereza. Nilifungua hifadhidata inayopekua matini yote ya makala wala haiishii kwenye kichwa na ikisiri (muhtasari wa mwanzoni), nikaandika mwani AND Pemba. Matokeo yakaja, tena ya kutosha, nami nikaanza kuyasoma kwa pupa. Makala ya kwanza ilihusu vitenzi. Ya pili ilihusu historia ya Uislamu katika visiwa vya Quirimba. Ya tatu ilihusu tena lugha. Ilinichukua muda kutambua kwamba nilikuwa Msumbiji. Kule Cabo Delgado, kaskazini mwa nchi hiyo, wako watu wanaoitwa Wamwani, na lugha yao Kimwani ni jirani wa karibu wa Kiswahili. Na mji mkuu wa mkoa huo unaitwa Pemba. Maneno yangu mawili, ambayo kwangu hayakuweza kumaanisha kitu kingine chochote, yalikuwa yamenipeleka mbali kabisa na Wete na Micheweni, na mashine haikuwa na kosa hata moja. Nilibadilisha, nikaandika kirai kizima ndani ya alama za mtajo, "kilimo cha mwani", ili maneno yatafutwe yakiwa yameshikana kwa mpangilio huo. Matokeo yalikuwa machache sana lakini yote yalikuwa yangu, ikiwemo tasnifu moja iliyowekwa kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo, ambayo marejeleo yake yalinifungulia makala nyingine tisa.

Jaribio hilo la Kiswahili lilinifunza na jambo jingine. Katika Kiingereza tunatumia kinyota kuwakilisha mwisho wa neno: ukiandika farm*, unapata "farm", "farmer", "farmers" na "farming" kwa mkupuo mmoja. Niliandika mkulima* nikitarajia muujiza huohuo. Lakini neno la Kiswahili hubadilika mbele: mkulima, wakulima, kilimo, kulima. Kinyota cha nyuma hakifanyi lolote hapo, na hifadhidata nyingi haziruhusu kinyota kutangulia. Kwa hiyo katika lugha yetu hakuna njia ya mkato. Andika umoja, andika wingi, andika na nomino iliyotokana na kitenzi, uziunganishe zote kwa OR.

Hata kwa Kiingereza kinyota kinahitaji tahadhari. Niliandika alga* nipate "algae" na "algal", nikaletewa rundo la kazi kutoka Ureno. Sikuelewa mpaka nilipotazama anwani za waandishi: Chuo Kikuu cha Algarve, kusini mwa nchi hiyo, kina wataalamu wengi wa sayansi za bahari, na jina la jimbo lao linaanza kwa herufi zilezile nilizoziandika. Dawa ilikuwa kuiamuru hifadhidata itafute katika kichwa cha makala, ikisiri na maneno muhimu peke yake, isiguse anwani.

Sitasahau kisa cha barafu. Mojawapo ya matatizo makubwa ya wakulima wetu, hasa wa "cottonii", ni mwani kupauka, kulainika na kukatika, na kitaalamu hali hiyo inaitwa "ice-ice". Niliandika jina hilo pamoja na "climate change". Nadhani msomaji amekwisha kukisia kilichotokea: nilipewa barafu ya Greenland, barafu ya Antaktika, na barafu ya bahari ya Aktiki, ukurasa baada ya ukurasa, kwa kuwa mashine ilipuuza kistari na kuona neno "ice" limetajwa mara mbili. Nililiweka ndani ya alama za mtajo, nikaliunganisha kwa AND na safu nzima ya mwani, na ndipo ugonjwa wenyewe ulipojitokeza, pamoja na makala zinazoeleza kwamba joto la maji na mabadiliko ya chumvi huudhoofisha mmea mpaka bakteria wakapata nafasi. Mojawapo ya hizo haikuwa na neno "climate" popote katika ikisiri yake. Ilisema "temperature" na "salinity" tu. Nilirudi kwenye karatasi yangu, nikarefusha safu ya nne.

Kosa lililonigharimu zaidi, hata hivyo, lilikuwa la NOT. Ufilipino na Indonesia ni mabingwa wa kilimo hiki, na makala zao zilikuwa zikinifunika. Nikaona niziondoe kwa neno moja: NOT Philippines. Orodha ilipungua ikawa safi, nikaisoma yote, nikaandika sura ya mapitio ya maandiko na kuiwasilisha. Msimamizi alinirudishia sura ikiwa na alama ya kuuliza pembeni ya ukurasa wa pili. Alitaka kujua kwa nini makala fulani kuhusu Zanzibar, ambayo kila mtu wa fani hiyo anaijua, haimo. Niliitafuta nikaipata kwa urahisi. Katika ikisiri yake mwandishi alikuwa amelinganisha bei anayolipwa mkulima wa Zanzibar na mwenzake wa Ufilipino. Neno hilo moja lilitosha kumtoa nje, yeye na wengine ambao mpaka leo sijui idadi yao. Mbegu za kwanza zilizopandwa kibiashara Zanzibar zilitoka Ufilipino. Basi mtu gani makini ataandika historia ya kilimo hiki bila kuitaja nchi hiyo? NOT nimeiacha. Matokeo yakiwa mengi, ninaongeza safu.

Kuhusu hifadhidata zenyewe nitasema kwa ufupi. Maktaba yetu ilitupa njia ya kuingia Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zinazoendelea majarida ya kitaaluma, ambamo mna AGORA kwa mambo ya kilimo, Hinari kwa afya na OARE kwa mazingira, na taasisi za Tanzania ni miongoni mwa zinazosoma humo bila malipo. Mwanzoni nilitafuta mahali pamoja nikaridhika. Baadaye nilibaini kwamba majarida ya kwetu, likiwemo lile la sayansi za bahari la ukanda wa magharibi wa Bahari ya Hindi, hupatikana kwa urahisi zaidi African Journals Online, na kwamba maumivu ya mgongo na macho ambayo wakulima wanayalalamikia yako PubMed, chini ya vichwa vya mada ambavyo wakutubi wa tiba wamevipanga wenyewe, kama "Occupational Diseases", hata pale ambapo mwandishi hakuandika maneno hayo. Vichwa hivyo ni msaada mkubwa: mtu mwingine amekwisha kukusanya visawe kwa niaba yako. Ninapopata makala moja nzuri, jambo la kwanza ninalolifanya ni kutazama imepewa vichwa gani na maneno gani muhimu, kisha ninayaiba.

Yote haya niliyaandika katika daftari la kaunta la kwaya tatu: tarehe, hifadhidata, maneno yote kama yalivyo na mabano yake, idadi ya matokeo, na ngapi zilifaa. Wenzangu walinicheka. Siku ya kutetea tasnifu, mtahini wa nje aliuliza jinsi nilivyohakikisha kwamba sikuacha kazi muhimu, nami nikamfungulia ukurasa. Alikaa nao muda mrefu, akaweka kidole kwenye mstari wa "mwani AND Pemba", ambao mbele yake nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu "Msumbiji!", akacheka na kuendelea na swali lingine.

Daftari hilo bado ninalo, na utafutaji mkuu nimeuhifadhi kwenye hifadhidata mbili ili kila makala mpya inapoingia niletewe taarifa kwa barua pepe. Safu hazijaacha kurefuka. Tangu Serikali ya Zanzibar ilipounda wizara yenye jina la Uchumi wa Buluu na Uvuvi, waandishi ambao zamani wangesema "mariculture" sasa husema "blue economy", na baadhi ya makala hizo hazina neno "seaweed" katika kichwa ingawa nusu ya kurasa zake ni habari za Paje na Jambiani. Mwezi uliopita taarifa moja ililetwa na Kappaphycus striatus, aina ambayo sikuwa nayo kwenye orodha. Nilimpigia simu shangazi kumwuliza kama wameiona huko. Alisema huenda, ila huko wao wameipa jina jingine, na akanitajia. Nimeliandika mwishoni mwa safu ya pili.